Mwandishi wa habari akishika dola: Kurt Eisner alifaa?

Pwani_Huru: Wakuu, Eisner alihariri Vorwärts, gazeti la chama cha kisoshalisti cha SPD, Berlin. Novemba 7, 1918 akaongoza maandamano München, mfalme akakimbia, yeye akawa waziri mkuu wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Uchaguzi wa Januari, chama chake cha USPD, kilichojitenga na SPD, kikaambulia viti 3 kati ya 180. Februari 21, 1919 akapigwa risasi njiani akienda bungeni kujiuzulu. Mwandishi ana kazi gani serikalini? Angebaki na kalamu yake.

Mama Zuhura: "Kazi gani"? Serikali yake iliwapa wanawake wa Bavaria haki ya kura. Wafalme na majenerali walishindwa nini miaka yote hiyo?

Mdau_Tanga: Si ndiye aliyempindua Kaiser, mtawala wa Ujerumani nzima?

Pwani_Huru: Hapana, aliyempindua ni Ludwig III, mfalme wa Bavaria. Kaiser alianguka siku mbili baadaye. Mama Zuhura, usinisingizie kudharau wanawake. Nasema asilimia mbili na nusu ya kura si ridhaa ya wananchi.

Mwana wa Songea: Mnawalilia Wabavaria! Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga wazee wetu Songea. Hao wasoshalisti wenu walikuwa wapi?

Mama Zuhura: Bungeni, kaka yangu. Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa SPD, alimwanika ofisa wa kikoloni Carl Peters mbele ya Reichstag, bunge la Ujerumani, kwa kuwanyonga Waafrika wawili, Mabruk na Jagodia, kule Kilimanjaro. Mwaka uliofuata Peters akafukuzwa kazi. Mwishoni mwa 1906 SPD kikakataa fedha za vita vya Wajerumani kule Namibia, na uchaguzi wa 1907 ukakishusha kutoka viti 81 hadi 43. Waliumia kwa kututetea.

Mwana wa Songea: Waliumia? Walipoteza viti! Sisi tulipoteza watu, na waliosalia wakamalizwa na njaa. Kukemea ukatili si kudai Mjerumani aondoke. Usinifundishe shukrani.

Mama Zuhura: Sijakuomba shukrani. Uliuliza walikuwa wapi, nimekujibu.

Pwani_Huru: Jamani, mada ni Eisner.

Mwana wa Songea: Ndiye ninayemsema. Maji Maji ilipoanza Julai 1905 alikuwa bado kwenye meza ya Vorwärts. Aliandika nini?

Mdau_Tanga: Mwaka huohuo wenzake wa mrengo mkali walimng'oa pale, mkuu.

Mwana wa Songea: Baada ya Mahenge. Agosti 30 watu wetu walifyekwa na bombom, bunduki za rasharasha, pale bomani, naye yupo ofisini.

Pwani_Huru: Fungua mada yako basi.

Mwana wa Songea: Naifungua hapahapa. Mwenye makala ya Vorwärts ya Septemba 1905 ailete.