Mafunjo kwenye mtaro wa maji machafu, yanasaidia ziwa kweli?

Mkazi_wa_Ziwani: Wakuu habari za jioni. Huku kwetu Mwanza kuna mtaro unashusha maji ya mabafu, ya kuoshea magari na taka za kila aina moja kwa moja Ziwa Victoria, na hapo hapo watoto wanaogelea na kinamama wanachota maji. Kikundi cha mtaa tunataka kupanda mafunjo pale mtaro unapoingilia ziwani, ila wengine wanasema tuweke magugu maji kwa sababu yapo bure na yanakua haraka. Mwenye uelewa atusaidie.

Fundi_Bomba: Mkuu magugu maji achaneni nayo kabisa. Kunyonya yananyonya, ila yakichoropoka yanaenda kuzaliana ziwani na yakioza ule uchafu unarudi majini. Pandeni mafunjo na matete, lakini chimbeni kwanza shimo la kutuliza mchanga na kunasa plastiki, halafu maji yatandazwe yapite polepole kwenye mizizi, maana kazi kubwa inafanywa na vijidudu vilivyojishika pale na vinahitaji muda. Oili ya magari izuieni huko huko inakotoka.

MkaziKampala: Hapo kwenye polepole ndo penyewe. Huku kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikichuja maji taka ya mji kabla hayajafika ghuba ya Murchison, na mtambo wa maji wa Ggaba unavuta maji ghuba hiyo hiyo. Watu wakafyeka mafunjo wakalima magimbi, wakajenga, maji yakapata njia ya mkato na sehemu kubwa inafika ziwani haijachujwa vizuri. Kama kwenu kuna mafunjo ya asili yamebaki yalindeni hayo kwanza, jamani, msisubiri yaishe ndo mpande!

Mkazi_wa_Ziwani: Asanteni sana ndugu zangu. Yapo kidogo upande wa kushoto, watu wanayachoma moto. Na yakishakua tunayaacha tu?

Dada_Mazingira: Hapana kaka, myakate kwa zamu, kipande kipande, na myatoe nje ya maji, wasuka mikeka watayachukua. Ruhusa muhimu, sheria ya mazingira ya 2004 inabana shughuli ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo piteni serikali ya mtaa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria kabla ya kushika jembe. Na watoto wasicheze humo, konokono wa kichocho wanapenda sana majani ya majini, na maji ya kunywa bado mchemshe hata yakionekana meupe.