Ukoo wa Bwiru na dhahabu ya Mirihi

Jumamosi, saa 2:14 usiku

Shija: [video, imesambazwa mara nyingi] ROBOTI YA NASA YAKUTA MLIMA WA DHAHABU MIRIHI!!! Wakubwa wanagombania. Mtumie na mwenzako kabla hawajaifuta

Mama Kulwa: Shija, hiyo dhahabu ungeanza kulipia mchango wa harusi ya Neema. Orodha ninayo hapa

Shija: Ma'mkubwa nimeleta habari ya dunia wewe unaleta orodha 😂

Mjomba Masalu: Mwadila wanangu. Nimeiangalia hiyo video. Ule unjano siyo wa dhahabu. Dhahabu haikai vioo vioo namna ile

Kabula: Shikamoo mjomba. Umeona sawasawa, ile ni salfa

Mjomba Masalu: Marahaba mama. Salfa ipi, hii ya kupulizia mikorosho?

Kabula: Hiyohiyo. Roboti yenyewe inaitwa Curiosity, ipo kule tangu Agosti 2012. Ina uzito wa kilo kama 900. Tarehe 30 Mei 2024 ilipita juu ya jiwe, jiwe likapasuka. Picha zilipofika huku, watu wakakuta ndani kumejaa fuwele za njano. Salfa tupu, haijashikana na kitu kingine. Chumvi zenye salfa walishaziona sana kule, ila tupu namna ile ilikuwa mara ya kwanza

Shija: Yaani walikanyaga tu?

Kabula: Walikanyaga tu. Na jirani pale kuna uwanja mzima wa mawe yanayofanana na lile lililopasuka

Shija: Sasa mbona video inasema dhahabu

Kabula: Kwa sababu ungeandikiwa salfa usingeisambaza

Mama Kulwa: 😂😂 Kabula mwanangu, umempata

Kabula: Ila kugundua kwa ajali siyo mara ya kwanza. Kulikuwa na roboti ndogo inaitwa Spirit, ilitua Januari 2004. Gurudumu moja la mbele likagoma 2006. Ikawa inatembea kinyumenyume huku inaliburuta. Mwaka uliofuata lile gurudumu likachimba mfereji, chini ya udongo mwekundu kukatokea mweupe pee. Kupima, ni silika, yale madini ya mchanga na kioo, karibu asilimia 90. Na silika nyingi namna hiyo haijikusanyi hivihivi, lazima kulikuwa na maji ya moto au mvuke

Mjomba Masalu: Sasa hapo tunaelewana. Nyarugusu, kule machimbo ya dhahabu Geita, tulikuwa na mzee mmoja hajui a wala be. Akipasua jiwe jeupe anakwambia hapa palipita maji ya moto, fuateni huu mkanda. Na tulikuwa tunaufuata

Kabula: Mjomba, mzee huyo angetufundisha sisi darasani. Dhahabu ya Geita ndivyo ilivyofika, maji ya moto yalipenya kwenye nyufa za mwamba, yakaiacha humo pamoja na hilo jiwe jeupe

Mjomba Masalu: Basi na huko Mirihi wachimbe chini ya huo mweupe

Shija: MJOMBA ANATAKA DUARA LA KUCHIMBA DHAHABU MIRIHI 🤣

Kabula: Dhahabu haimo kabisa kwenye taarifa zao mjomba. Hawaitafuti. Wanafuata maji. Kila madini wanayoyaona wanauliza, hili lilihitaji maji ya namna gani ili litokee? Baridi au moto, ya chumvi au ya kunywa, makali au matamu?

Mjomba Masalu: Makali kivipi

Kabula: Yenye asidi. Ndugu yake Spirit, inaitwa Opportunity, mwaka huohuo 2004 ilikuta madini ya jarosaiti. Hayo hutokea kwenye maji yenye asidi na chuma

Mjomba Masalu: Haya nayajua bila kuambiwa jina. Kuna mashimo ya zamani maji yake yanatoka ya njano, mawe ya pembeni yanashika ukoko wa njano, ukinawa ngozi inawasha. Tulikuwa tunawakataza vijana wasiyanywe

Kabula: Ndiyo hayohayo. Baadaye Curiosity ikatoboa mwamba 2013, ikakuta udongo wa mfinyanzi. Huo ni wa maji yasiyo makali, ambayo hata wewe ungeweza kuyanywa. Kwa hiyo ni sayari moja, maji ya aina mbili

Mama Kulwa: Bibi anasikiliza hapa ninamsomea. Ngoja aseme mwenyewe

Mama Kulwa: [ujumbe wa sauti, sekunde 21]

Shija: Kwa wasio na bando, Bibi anasema: "Mjukuu wangu, hujambo. Hayo maji mnayoyasema yalikwenda wapi? Maji hayaondoki bila kuaga."

Kabula: Shikamoo Bibi. Yalikuwepo kweli. Kuna bonde la duara linaitwa Jezero, upana wake kilomita 45. Hapo kwetu Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, haizidi sana. Lilikuwa ziwa, mto ukiingia unamwaga matope, zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Yalikwenda njia tatu: mengine yalijifunga ndani ya mawe, mengine yapo barafu hadi leo, mengine yakapaa. Mirihi ilipoteza ngao yake ya sumaku, upepo wa jua, yaani chembe zinazovuma kutoka kwenye jua, ukawa unaichota hewa kidogo kidogo. Hewa ikishakuwa nyepesi, maji hayawezi kutulia juu ya ardhi

Kabula: Na Bibi, hata ziwa letu Victoria limewahi kukauka. Miaka kama 15,000 iliyopita. Walitoboa matope ya chini ya ziwa wakakuta tabaka la udongo wa nchi kavu

Mama Kulwa: Kabula! Mimi nauza dagaa Mwaloni, usituletee mikosi usiku huu

Kabula: 😂 Mama mkubwa mvua zilirudi, likajaa. Sisi tuna hewa nzito. Mirihi mvua haikurudi

Baba Kulwa: Ndo maana sangara wanapungua

Mama Kulwa: Baba Kulwa hayo ni makokoro ya wavuvi, usisingizie sayari

Mjomba Masalu: Tuendelee. Kwenye hilo ziwa lililokauka wamepata nini?

Kabula: Hapo ndipo penyewe mjomba. Kuna roboti mpya, Perseverance, ilitua Jezero Februari 2021. Julai 2024 ikakuta mwamba wenye madoa, wakayaita ya chui kwa jinsi yalivyo. Katikati meupe, pembeni ukingo mweusi. Kwenye madoa kuna madini mawili, vivianaiti na greigaiti, yote ya chuma. Huku duniani mara nyingi hutokea kwenye tope la chini ya maji lisilo na hewa, kwa kazi ya vijidudu. Septemba 2025 wakaandika kwenye jarida la Nature kwamba huenda ni alama ya uhai wa zamani

Shija: Kwa hiyo kuna watu!!

Kabula: Shija. Vijidudu. Na nimesema HUENDA. Madini hayo yanaweza kutokea bila kiumbe chochote. Kulimaliza hilo inabidi jiwe lije maabara huku

Mjomba Masalu: Si walilete

Kabula: Limeshatobolewa, kipande chembamba kama kidole kimefungwa kwenye mrija. Ila chombo cha kwenda kukichukua hakuna. Mpango ulipigiwa hesabu ukafika dola bilioni 11, ukakwama

Mjomba Masalu: Hahahaha. Hii naijua. Viroba vya mawe vimefungwa viko mdomoni mwa duara, gari la kuvipeleka kwenye karasha la kusaga halijulikani litakuja lini, na kila mwenye hisa ameshaanza kukimbia simu

Kabula: Ndiyo hivyohivyo mjomba

Mjomba Masalu: Sasa mlinzi wa mzigo analipwa na nani?

Kabula: Hauna mlinzi. Nani ataiba kule?

Mjomba Masalu: Mama, wewe hujakaa na wachimbaji