Mwalimu wa Salamanca kwenye kikundi cha ukoo

*Dada Arusha:* Shikamooni wakubwa. Babu, darasa la Kihispania limetimiza miezi mitatu. Juzi nimewapeleka wageni wa Madrid Tarangire, wakaniuliza nimeishi Hispania miaka mingapi! 😊

*Babu:* Marahaba mjukuu wangu, hongera sana. Matamshi hayo umeyatoa wapi?

*Dada Arusha:* Nyumbani, Babu. Irabu zao ni hizihizi zetu, a e i o u, hazigeuki. Neno ukiliona umeshalisoma. Kuna vitu vichache tu: h haitamkwi, ile ñ ni ny yetu, na j wanaitoa kooni kama kh ya "kheri".

*Babu:* Basi katika dua zako mkumbuke Antonio de Nebrija. Mimi nimefundisha sarufi ya Kiswahili mpaka nikastaafu, na katika walimu wote niliowasoma, huyo ndiye wa moyoni mwangu.

*Dada Arusha:* Tusimulie Babu.

*Babu:* Mzaliwa wa Lebrija, upande wa Sevilla, miaka ya 1440. Akasoma Bologna kule Italia, akarudi kufundisha Kilatini chuo kikuu cha Salamanca. Wakati huo msomi ni Kilatini. Lugha ya sokoni na jikoni nani aihangaikie? Akaihangaikia yeye. Sarufi yake ya Kihispania ilitoka 18 Agosti 1492, na ndani yake ameweka kanuni: tuandike tunavyotamka, tutamke tunavyoandika.

*Shangazi Pangani:* 1492 si mwaka wa Columbus?

*Babu:* Ndio huo. Columbus aling'oa nanga Palos tarehe 3 Agosti. Kitabu kinatoka mtamboni, mwenzake yuko safarini.

*Mjomba:* Babu, niwie radhi, hapo ndipo ninapokwama. Si huyuhuyu aliyemwandikia Malkia Isabel kwamba lugha siku zote imekuwa mwenzi wa himaya? Watu wa Meksiko wanajua himaya hiyo iliwatenda nini.

*Babu:* Umesema kweli mwanangu. Maneno hayo yako mwanzoni kabisa mwa dibaji, siwezi kuyafunika. Yananiuma hata mimi, nami nimezaliwa chini ya bendera ya wageni. Ila mtawa Alonso de Molina alipotoa kamusi ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko, mwaka 1555, mpangilio aliufuata wa kamusi ya Nebrija.

*Mjomba:* Kwa kazi ya kanisa, Babu. Kama mmisionari Krapf kwetu.

*Babu:* Kwa kazi ya kanisa, naam. Na kamusi ya Krapf ya 1882 bado naifungua nikikwama kwenye neno la zamani.

*Babu:* Shangazi, hili lako. Kwenye kamusi yake ya Kihispania kwenda Kilatini, miaka michache tu baada ya Columbus kurudi, limo neno canoa. Ni neno la watu wa visiwa vya kule, la kwanza kutoka Amerika kuingia kwenye kamusi ya Kihispania. Maelezo yake: chombo cha gogo moja.

*Shangazi Pangani:* Mtumbwi huo! Marehemu Baba Mkubwa alichonga wake kwa mwembe pale uani, tezo inalia kutwa, sisi tunaokota vibanzi vya kuwashia moto. Gogo moja, haswa.

*Dada Arusha:* Uzeeni mwake ilikuwaje, Babu?

*Babu:* 1513 Salamanca wakamnyima kiti cha sarufi, mtu mzima wa karibu miaka 70. Kardinali Cisneros akampokea chuo kikuu cha Alcalá, akaagiza afundishe apendacho, na asipopenda asifundishe. Mshahara haukuwa wa kazi, ulikuwa wa kumlipa deni ambalo Hispania ilikuwa nalo kwake. Akafia hukohuko 1522. Kitabu chake cha Kilatini cha 1481 kilichapwa na kuchapwa tena. Hiki cha lugha ya mama hakikurudi mtamboni maisha yake yote.

*Mjomba:* Hilo sikulijua. Pole yake mzee.

*Babu:* Mjukuu wangu, sarufi hiyo imegawanywa vitabu vitano. Cha tano amewaandikia watu wa lugha nyingine wanaotaka kujifunza Kihispania. Wewe.

*Dada Arusha:* Babu, ujumbe huu nimeusoma mara tatu. Kesho nina wageni wa Sevilla, nitawauliza kama wamewahi kufika Lebrija.

*Shangazi Pangani:* Na ukifika ziwani waonyeshe mtumbwi, uwasikie wanauitaje.