Tupeane uzoefu: mliovuka mpaka kwenda kuwahoji wahasibu kwa ajili ya utafiti wa chuo

Mleta uzi, Mbeya
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu anasomea uhasibu hapa Mbeya, yeye na wenzake wanne wanaenda Zambia mwezi ujao kuwahoji wahasibu na wakaguzi wa hesabu, nikaona nianze na yangu halafu na nyie mtupe ya kwenu.

Mi nilienda Malawi 2024. Tukavuka Kasumulu kwa hati ya dharura, tukalala Karonga, kesho yake Mzuzu. Mada yangu ilikuwa tofauti za fedha za kigeni, na Malawi niliichagua kwa sababu Novemba 2023 walishusha thamani ya kwacha kwa mpigo mmoja, dola ikatoka kama 1,180 ikawa 1,700. Nna dodoso la maswali 42 mkononi. Mama mmoja mhasibu wa kampuni ya pembejeo akanikaribisha vizuri tu, swali la kwanza namuuliza kampuni inadaiwa dola ngapi, akafunga faili. Akasema mwanangu hizo ni siri za mwajiri. Na ni kweli, kutunza siri ni moja ya kanuni 5 za maadili ya taaluma hii, nilishaijibu kwenye mtihani kabisa.

Nikamwomba radhi, nikaliweka dodoso chini, nikamuuliza tu, mama, siku lile tangazo linatoka ulikuwa unafanya nini? Aisee. Akavuta karatasi akaandika 10,000. Akasema tuchukulie unadaiwa mbolea ya dola elfu kumi, jana leja inasoma milioni 11.8, leo inasoma milioni 17, hujaongeza hata mfuko mmoja lakini milioni 5.2 imeshaingia kwenye hasara, na bosi anakuuliza wewe umekosea wapi. Ile karatasi ninayo mpaka leo, kachora mshale kutoka namba moja kwenda nyingine, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Sura ya nne ya ripoti yangu karibu yote imetoka kwenye ule mshale.

Mdau wa Tunduma
Mwambie dogo kuhusu saa!! Zambia wako nyuma yetu saa moja. Mi nilishinda Nakonde asubuhi nawahoji mawakala wa forodha, saa nimeiweka ya kwao, mchana nikarudi Tunduma kwa mhasibu niliyepanga naye saa nane, nafika naona nimewahi, kumbe kwa saa za huku ni saa tisa na mtu kashaondoka, sikumpata tena. Halafu dodoso langu niliandika VAT asilimia 18 kila mahali wakati kule ni 16, kila ninayemhoji anaanza kwa kunisahihisha. Alisome upya lote kabla hajavuka.

Dada wa Iringa
Kamwene. Kaka, waangalie na tarehe. Sisi tulifika Lusaka mwezi wa tatu, wakaguzi wote wamezama kwenye mahesabu yaliyofungwa Desemba, barua ya chuo tunayo, miadi tunayo, lakini ukifika mapokezi unaambiwa yuko kwa mteja. Siku 9 tunalipia chumba bila kuhoji mtu, hela ya kula ikawa ya mkate na chai. Hata huku utamhoji nani tarehe 19 wakati ritani ya VAT mwisho 20?

Lingine ni kurekodi. Kijana mmoja mkaguzi alijibu nusu saa nzima kama anasoma kitabu, nikazima simu nikashukuru, tumesimama mlangoni ndo akaanza kusema alivyoshinikizwa asaini kazi ambayo hakuridhika nayo. Nilikaa na yale maneno usiku kucha, sijui kama ni yangu kuyaandika. Asubuhi nikampigia nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, akasema andika, ila ofisi isijulikane.

Mzee wa Kyela
Wanangu, anayepita Karonga asianze na Kiingereza. Wangonde na sisi Wanyakyusa tunasikilizana. Mimi nilimpeleka binti yangu kwa karani wa mahesabu wa wakulima wa mpunga, jibu lilikuwa ndiyo na hapana tu, nikasalimia ugonile, yule bwana akaagiza chai na akamfungulia daftari la mapokezi ukurasa kwa ukurasa.

Mleta uzi, Mbeya
Shikamoo mzee, ndaga fijo. Dogo nimemsomea yote, dodoso limeshuka hadi maswali 11 na tarehe wanaongea na supavaiza wasogeze. Ila dada wa Iringa, dogo anakuuliza, yule kijana kwenye ripoti ulimwandikaje?

Dada wa Iringa
M7 badala ya jina, mkaguzi, yuko kazini zaidi ya miaka mitano. Basi. Jinsia sikuweka, wala ukubwa wa ofisi. Supavaiza alitaka niongeze maelezo, nikakataa, na nilimwambia sababu.