Babangu fundi wa majahazi: atiwe nyaya za ubongo?

MwanaFundi: Asalaam aleikum waungwana. Babangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni, ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa, mwaka wa tisa. Dawa ya levodopa yamshika saa mbili tu, kisha mwili wagoma. Tumetajiwa upasuaji India: nyaya nyembamba zatiwa ndani ya ubongo, betri yazikwa chini ya mtulinga. Tukubali? Nataka jibu kabla ya Ijumaa.

UmmuSalma: Pole mwanangu. Marehemu mamangu nilikuwa nikimpa dawa hiyo na samaki, kumbe protini yaizuia. Mpe nusu saa kabla ya kula.

MaalimWaLangoni: Kabla ya kisu, sadaka na dua. Vijana mwakimbilia ndege.

MuuguziMalindi: Tiba hii si ya jana, daktari Benabid aliianza Grenoble, Ufaransa, 1987. Haiponyi, yatuliza mtetemo na kule kugoma. Baadaye ni kurudi tena na tena kurekebishwa umeme. Kumbukumbu yake vipi? Na kwa nini Ijumaa?

MwanaFundi: Ni mzee tu, kama wazee wote.

MuuguziMalindi: Ndugu yangu, hujanijibu.

MwanaFundi: Mwezi jana alipotea njia ya msikitini, aipitayo tangu utotoni. Ijumaa mnunuzi amalizia pesa za shamba la minazi, arbuni nishapokea. Msinilaumu. Nimeona video, mtu hawezi kushika kikombe, kikawashwa chombo, akashika!

MuuguziMalindi: Hilo la kupotea ndilo ungeanza nalo. Penye usahaulifu mkubwa madaktari wengi hukataa, kichwa chaweza kuzidi kuchanganyika.

KasaWaShela: Hadithi hii ya kutunga. Atetemekaye ashikaje tezo? Ngojeni, namba ya mchango yaja.

MwanaFundi: Sitaki senti ya mtu! Mkono watetemeka ukilala pajani, gumba lasugua kidole cha shahada kama avutaye tasbihi. Akishika tezo, watulia. Jana alitia kalafati dau, pamba ikakaa sawasawa. Kisha akaniuliza dau ni la nani. Ni letu.

MuuguziMalindi: Hatungi huyu. Mtetemo wa Parkinson huja mkono ukipumzika. Apimwe kumbukumbu kwanza, shamba libaki. Yeye mwenyewe asemaje?

MwanaFundi: Sijamwambia. Mnunuzi amepiga simu mara mbili tangu magharibi, sijapokea.