Bastola mpya ni za stetasi ya WhatsApp tu, ukifika dukani unaambiwa zimeisha

Wadau salamu. Wale wa Nakuru, Kisumu, Eldoret, Kakamega na popote mlipo wenye leseni ya bunduki, mnivumilie, naandika hii nikiwa na hasira tangu jana jioni na hata ugali ulinishinda. Na kama huna leseni umekuja tu kuuliza kwani tunapigana na nani, pita ndugu yangu, uzi wa bei ya mahindi uko pale juu.

Nauliza hivi. Hizi bastola za toleo jipya zinauziwaga nani?? Maana kila mwezi naziona kwa stetasi ya dila (muuzaji wa bunduki), picha safi, boksi limefunguliwa, maandishi makubwa IMEFIKA na ile imoji ya moto, ukipiga simu dakika tano baadaye unaambiwa "boss hizo zilikuwa za oda". Za oda ya nani na mimi oda yangu iko kwako tangu Februari na pesa umekula?

Nianze mwanzo ndo mnielewe. Mimi niko na agrovet upande wa Njoro, msimu wa kupanda nafunga duka saa moja usiku nikiwa na pesa siwezi taja hapa. Leseni niko nayo tangu 2013. Ile mwisho wa 2018 Waziri Matiang'i aliposema kila raia mwenye bunduki akakaguliwe upya ndani ya siku 90, nilienda Nairobi nikapanga foleni kama mtoto wa shule anangoja uji, nikatoa alama za vidole, nikapigwa picha, nikarudi nyumbani. Sina kesi, sina deni, cheti cha tabia njema kutoka DCI nikiambiwa nilete naleta. Kwa hivyo asije mtu hapa kuniambia labda shida ni makaratasi yangu. Makaratasi yako sawa kuliko ya huyo dila.

Bastola yangu ni Ceska ya Wacheki, CZ 75, ile ya chuma tupu. Hapa Kenya ukisoma magazeti utadhani bastola zote duniani zinaitwa Ceska, lakini yangu ni Ceska kweli, na siitukani, imenitunza. Lakini ukiijaza inapita kilo moja, ukiivaa kutoka asubuhi mpaka jioni ukiinama kupima mbegu na kubeba gunia kiuno kinakuwa kama cha mzee wa miaka themanini. Na kitu kingine, mimi ni mashoto. Nyinyi wa mkono wa kulia hamjawahi waza hii kitu. Ile sefti ya Ceska, kitufe cha kufunga isifyatuke, iko upande wa kushoto pekee, imewekewa kidole gumba cha mkono wa kulia. Mimi nikishika na kushoto, gumba langu liko upande ambao hakuna kitu, lazima nilete mkono wa pili ama nianze kuzungusha kidole kama mtu anatafuta switchi ya stima gizani. Kwa renji, pale tunapofanyia mazoezi ya shabaha, ni sawa, watu wanakucheka, mnaendelea. Usiku pale Njoro getini hakuna wa kucheka.

Ndo nikaanza kutafuta Glock 19 Gen5, yaani Glock ya kizazi cha tano. Sababu si fasheni. Glock za zamani ile lever ya kuachilia slaidi (kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma) iko upande mmoja tu, Gen5 wameiweka pande zote mbili, na pale mbele kwa mshiko wametoa yale mabonde ya vidole ambayo kwa mkono wangu yalikuwa yanakaa mahali si pake. Haifiki hata gramu 700 bila risasi. Hiyo ndo nataka, si rangi, si taa, si ile darubini ndogo vijana wanaweka juu ndo wapige nayo picha.

Sasa hapa ndo mcheke ama mlie. Gen5 ilitoka Agosti 2017. Elfu mbili na kumi na SABA. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo alishaanza kusoma na kuandika zamani, lakini Nairobi bado inauzwa kama "toleo jipya boss, ndo zimeingia". Na hata na hivyo haipatikani! Ile Glock nyembamba, 43X, ilitoka Januari 2019, hiyo nimeishika mara moja tu, ya mtu, kwa renji. SIG P365, bastola ya kampuni ingine, ya 2018, niliulizia nikaambiwa nisubiri, nikasubiri, nikaulizia tena nikaambiwa "kwani hukusikia hizo ziliisha?" Zilikuja lini ndo ziishe?

Najua kuna mwerevu atakuja kuniambia ni mambo ya soko la dunia. Sawa, naijua hiyo stori. 2020 wakati wa korona Wamarekani walinunua kama watu wanaambiwa dunia inafungwa kesho, FBI walifanya ukaguzi wa wanunuzi karibu milioni 40 mwaka huo mmoja, na kiwanda kikiwa na oda kama hizo hakiwezi kumbuka mtu wa Njoro anataka bastola moja. Naelewa pia kwamba soko letu ni dogo, dila hawezi agiza bila kibali cha kuingiza, kila kipande kina namba na lazima kijulikane kinaenda wapi, kwa hivyo analeta chache chache. Hayo yote nimekubali. Hata nimewahi jiuliza sisi wenyewe tunashindwa wapi, Eldoret pale kuna kiwanda cha risasi tangu miaka ya tisini, Ruiru Uhuru akafungua kingine 2021 cha bunduki kubwa za vyombo vya usalama, lakini bastola ya raia wa kawaida mpaka itoke Austria ama kule kwa Wacheki. Sawa. Hiyo si kosa la dila.

Kosa la dila ni hili. Februari nilienda na matatu ya saa kumi na moja asubuhi, Nakuru mpaka Nairobi, Mai Mahiu tukakaa nyuma ya malori kama kawaida. Nikaingia dukani, nikaambiwa Gen5 ni laki tatu na nusu, kontena iko njiani, weka dipoziti ya laki moja jina lako liwe la kwanza. La KWANZA, hayo ni maneno yake. Nikatuma kwa M-Pesa nikiwa nimesimama hapo, nikapewa risiti, nikapewa na kalamu ya zawadi. Hiyo kalamu bado iko na inaandika vizuri, hapo siwezi msengenya.

Machi, "wiki mbili boss." Aprili, "iko bandarini." Mei, "kibali kimechelewa lakini iko." Juni akaacha kushika simu akawa anajibu meseji na vidole gumba. Julai akaniambia kwani siwezi chukua ile ya zamani, Gen3, iko tayari, ni bunduki ile ile tu. Nikamwambia ndugu yangu mimi ni mashoto, nilikueleza. Akaniambia "utazoea". Nitazoea! Na pesa ni zangu!

Agosti nikaona nisipige simu, niende tu nikatokee. Nikafika saa nne na nusu, yeye hakuwa amefika, kulikuwa na kijana mpya kwa kaunta, mpole sana, akaniita mzee, akanipa kiti. Nikamuuliza Gen5 ziko? Akasema ziko, bila wasiwasi, akaingia nyuma akatoka na boksi jeusi. Akatoa magazini, akavuta slaidi, akanionyesha chemba iko tupu vile inafaa, akanipatia. Wadau, nilishika hiyo kitu na mkono wa kushoto, gumba likashuka lenyewe likakuta lever mahali linafaa kuwa, nikaiachilia slaidi, ikarudi. Mara moja. Sikutafuta kitu. Nilisimama hapo nikicheka peke yangu kama mjinga.

Nikamwambia hii ndo yangu, andika. Akageuza boksi kuangalia namba na hapo ndo mimi na yeye tukaona kwa pamoja karatasi ya njano imebandikwa na selotepu, imeandikwa kwa kalamu, nadhani kalamu kama ile yangu, "MHESH. USIGUSE". Yule kijana uso ulibadilika akanyoosha mkono polepole kama mtu anachukua mtoto wa wenyewe. "Pole mzee, hii ni ya mtu."

Ziko ngapi kwani? Zilikuja sita. Na zingine tano? "Zote ni za watu." Kwani mimi ni nini, ni mbuzi?

Mwenyewe alipoingia saa sita hivi, ananukia marashi, akanikumbatia kabisa, "mheshimiwa wa Nakuru!" Sijui kwa nini ananiita mheshimiwa na wakati wa kupeana mali waheshimiwa ni wengine. Nikamtolea risiti ya Februari. Akaisoma kama ameiona mara ya kwanza. Akasema hiyo kontena iliyofika si ile yangu, yangu ni ile inakuja. Nikamuuliza hao wa karatasi ya njano waliweka dipoziti lini, akacheka, akasema "boss unajua vile hii biashara iko". Hapana, sijui! Ya kwangu mfuko wa mbegu ukilipiwa na mama wa Mauche siwezi mpatia chifu kwa sababu ni chifu. Nikifanya hivyo mara moja tu Njoro mzima haununui kwangu tena. Lakini hawa tutaenda wapi, maduka yenyewe ni ya kuhesabu na karibu yote yako Nairobi, ukigombana na mmoja wa pili ni rafiki yake.

Na nimeanza kushuku zile picha za IMEFIKA si za kutuuzia. Ni chambo. Wanabandika picha ya zile sita zenye wenyewe, watu hamsini wanapiga simu, ishirini wanaweka dipoziti, halafu pesa ya hao ishirini ndo inaagiza mzigo ambao pia utapewa waheshimiwa. Sina ushahidi, ni hesabu tu ya mtu wa duka, lakini sisi watu wa duka tunaijua hiyo hesabu.

Kabla sijasahau, kuna mtu nilipouliza kwa grupu ingine alinifuata inboksi usiku ati ako na "mguu wa kuku" (bastola) mpya kabisa, bei nusu, ilipita mpakani, nimpe lokesheni. Nimembloki na nikaripoti. Msinitumie hizo. Mimi nimekaa miaka yote hii nikilipa na kufuata sheria, siwezi ingia jela kwa sababu dila mmoja ni mwongo. Mama watoto yeye anasema ni ishara, nirudishe hata hiyo Ceska nitafute mlinzi wa usiku. Tumebishana. Mlinzi wa jirani aliporwa tochi.

Swali langu kwenu, hasa wale wa Kisumu na Eldoret: kuna mtu huku kwetu amepata Gen5 ama 43X kwa njia halali, kwa kungoja zamu yake, bila kujua mtu? Mlingoja muda gani? Na nyinyi mashoto wenzangu mnatumia nini? Msitaje majina ya maduka hapa, mods (wasimamizi) wataufuta huu uzi, niambieni tu ikiwa iliwezekana.

APDETI 1: Asanteni kwa majibu. Aliyesema nijifunze kupiga na mkono wa kulia, nimejaribu miezi mitatu, shabaha ikawa nzuri kwa ukuta. Na yule wa Kakamega aliyengoja miezi kumi na nne halafu akaletewa Glock 17 badala ya 19 akaambiwa "kubwa ni bora", pole sana, nimekusoma mara mbili na nimeshindwa kulala.

APDETI 2: Jana nilimwandikia kwamba sitaki tena bastola, nataka laki yangu. Hakujibu mchana wote. Saa moja jioni M-Pesa ikalia. Elfu themanini. Nikafikiri ni awamu, nikangoja. Baadaye meseji: "Boss tumekata 20 ya usumbufu, karibu tena."

Usumbufu wa nani???

Alhamisi niko kwa matatu ya kwanza na hiyo risiti. Kalamu yake pia naenda nayo.