Mmea wangu wa ZZ umepasua kopo: niuhamishie kwenye chungu cha ukubwa gani?

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)
Habari zenu wanajukwaa. Kwa miaka sita nimekuwa nikitunza mmea wa ndani ambao wauza maua huuita ZZ, alioniachia marehemu mama yangu ukiwa na matawi matatu tu. Sasa una matawi kumi na saba, na kopo lake la plastiki lenye upana wa sentimita 20 limevimba ubavuni hadi likachanika; katika ufa huo ninaona kitu cheupe, kinene kama kiazi, kikijisukuma nje. Nina ndoo ya lita 20 ambayo ningeweza kuitoboa na kuupanda humo, ili nisiuhamishe tena kwa miaka mingi. Ninasita kwa sababu mmea mwingine niliouhamishia kwenye chungu kikubwa mwaka juzi ulioza, na huu wa mama sitaki kuupoteza. Je, ndoo hiyo inafaa?

Mchangiaji wa kwanza (Moshi)
Pole kwa kuondokewa na mama, ndugu yangu. Ndoo haifai. Kitu hicho cheupe ni tunguu, nalo ndilo ghala la maji la mmea wenyewe. ZZ ni mwenyeji wa huku kwetu, kwani huota porini kuanzia Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar hadi Afrika Kusini, na umezoea kukaa kiangazi kizima ukijitegemea kwa akiba hiyo. Ukiutia kwenye ndoo, sehemu kubwa ya udongo haitakuwa na mizizi, kwa hiyo maji utakayomwagilia yatabaki pale bila kunyonywa, tunguu litakaa katika unyevu majuma kwa majuma, na mwisho litaoza. Nadhani hicho ndicho kilichouua ule wa kwanza. Tafuta chungu chenye upana wa sentimita 24 au 25, yaani nafasi ya kidole gumba kila upande, na ukipata cha udongo wa kufinyangwa ni bora zaidi, kwa kuwa kuta zake hupitisha unyevu na uzito wake huzuia mmea kuanguka.

Mchangiaji wa pili (Mombasa)
Naafiki. Mimi huchanganya sehemu mbili za udongo wenye mboji, sehemu moja ya mchanga wa mtoni (wa baharini una chumvi, usiuguse) na sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi. Chini kabisa tandaza kokoto ili maji yashuke upesi.

Mchangiaji wa tatu (Arusha)
Hapo kwenye kokoto naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hujikusanya kwanza juu ya tabaka hilo, na hivyo unyevu unasogezwa karibu zaidi na matunguu. Kinachosaidia ni tundu la chini lililo wazi, ambalo unaweza kulifunika kwa kipande cha wavu ili udongo usimwagike. Vaa glavu pia, kwa maana utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksalati zinazowasha ngozi, na watoto wasiutafune.

Mwanzisha uzi
Ninawashukuru sana. Jana jioni nilikata kopo kwa kisu kuanzia kwenye ufa, kwa sababu kuvuta matawi kungeyavunja. Mizizi minene ilikuwa imejizungusha chini kama kamba iliyosokotwa, na katikati kulikuwa na matunguu tisa, kubwa kuliko yote likilingana na ngumi yangu. Nimeupanda kwa kina kilekile. Tunguu moja dogo lenye tawi lake lilikatika, je, nilitupe?

Mchangiaji wa kwanza
Usilitupe hata kidogo. Liache kivulini siku mbili hadi jeraha likauke, kisha lipande kwenye kopo dogo, nawe utakuwa na mmea wa pili wa mama. Yote miwili usiimwagilie kwa wiki moja, na baada ya hapo ingiza kidole kwenye udongo kabla ya kila kumwagilia: ukisikia ubichi wowote, subiri.

Mwanzisha uzi
Nimeliweka juu ya gazeti barazani. Nitalipeleka kwa dada yangu Morogoro likishatoa jani jipya.